Oliver Tambo, wakili aliyeachia uongozi Morogoro

Ukifika Mazimbu, pembeni mwa mji wetu wa Morogoro, utakuta kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo yenye jina la Solomon Mahlangu, kijana wa Afrika Kusini aliyenyongwa na makaburu mwaka 1979. Wasikilizaji wetu wengi wanalijua jina hilo. Leo tunamzungumzia kiongozi wa chama chake cha ANC, Oliver Tambo, ambaye kazi yake ilikuwa kushauri watu na kuwasemea.

Alizaliwa 27 Oktoba 1917 katika kijiji kimoja cha Bizana. Alifundisha hisabati na sayansi Johannesburg, kisha akasomea sheria. Mwaka 1952 yeye na Nelson Mandela wakafungua ofisi ya uwakili, na wateja wakajaa mpaka kwenye korido. Wengine walikuwa wakulima waliofukuzwa kwenye ardhi ya wazee wao, wengine walikamatwa kwa kukosa pasi. Tambo alikaa na mtu, akamsikiliza mpaka mwisho, akamshauri, ndipo akasimama mbele ya hakimu. Mandela alikuwa na kishindo mahakamani. Tambo alisema kwa upole, hoja moja baada ya nyingine.

Machi 1960 polisi waliwaua watu 69 Sharpeville, na ANC ikamtuma Tambo nje ya nchi akaseme kwa niaba ya waliobaki. Alipitia Bechuanaland, ndiyo Botswana ya leo, akafika Tanganyika na kuonana na Mwalimu Nyerere, kisha akaenda London.

Oktoba 1963 alikuwa New York, mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa. Mandela na wenzake walikuwa wanaingia kwenye kesi ambayo ingeweza kuwafikisha kwenye kitanzi. Siku chache baadaye nchi 106 zilipiga kura kutaka kesi hiyo iachwe na wafungwa wa kisiasa waachiwe. Iliyopinga ilikuwa moja tu, Afrika Kusini yenyewe. Hatusemi hotuba moja ndiyo iliyoleta kura zote hizo, lakini mteja wake safari hii alikuwa nchi nzima.

Mtihani wake mgumu ulimkuta hapa kwetu. ANC ilikuwa na makao yake Morogoro, na Tambo alikuwa kaimu rais tangu Albert Luthuli alipofariki mwaka 1967. Mwaka huohuo wapiganaji walivuka kuingia Rhodesia na wakashindwa. Chris Hani na wenzake waliporudi waliandika waraka mkali wakisema viongozi wamezoea safari za nje na kuisahau nyumbani. Wakasimamishwa uanachama.

Ndipo ukaitishwa mkutano, 25 Aprili hadi 1 Mei 1969, chini ya Milima ya Uluguru. Viongozi walisemwa usoni. Tambo, aliyezoea kuwatetea wengine, hakujitetea kwa ubishi. Alijiuzulu. Wajumbe wakamrudisha kwenye nafasi yake, na kina Hani nao wakarudishwa chamani.

Mwaka 1989 alipata kiharusi, na kusema kukawa kazi ngumu. Mwaka uliofuata alirudi kwao baada ya miaka 30. Hani aliuawa kwa risasi 10 Aprili 1993. Tambo alifariki wiki mbili baadaye, tarehe 24, akiwa na miaka 75. Uchaguzi wa kwanza wa watu wote ulifanyika Aprili 1994, na wote wawili hawakuuona.