Imam Ghazali na Haki ya Mtoto Kufundishwa kwa Kadiri Yake

Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ijumaa hii tunayaangalia maisha ya Imam Abu Hamid Al-Ghazali, yenye funzo kubwa kwa kila anayewasomesha watoto dini.

Alizaliwa Tus, katika Iran ya leo, mwaka 450 Hijria (1058 Miladia). Baba yake, mtu maskini, alipokaribia kufa aliwakabidhi wanawe wawili kwa rafiki yake, mcha Mungu wa njia ya Kisufi. Akiba ilipokwisha, mlezi aliwapeleka madrasa, ambako mwanafunzi alipata chakula pamoja na elimu. Basi Imam aliijua dhiki ya mwanafunzi kabla ya kuijua heshima ya mwalimu.

Alisoma Nishapur kwa Imam Juwayni, na mwaka 1091 waziri Nizam al-Mulk akamteua kufundisha katika madrasa ya Nizamiyya, Baghdad. Sifa zake zikaenea. Lakini mwaka 1095 ulimi wake ulifungika, asiweze kutamka somo, hata chakula kikamshinda. Alikuwa ameipima nia yake, akaona anafundisha kwa kutafuta cheo. Akaacha yote, akaenda Damascus na Baitul Maqdis, kisha akahiji.

Katika miaka hiyo ndipo alipoandika Ihyaa Ulumid-Din, yenye vitabu 40. Humo alimtaka mwalimu awe kama mzazi, asimtwike mwanafunzi jambo lisilofikiwa na akili yake. Mwenye fahamu ndogo apewe yaliyo wazi, wala asidokezewe kwamba kuna makubwa amefichwa, asije akavunjika moyo. Akimzungumzia sheikh anayelea nafsi za watu, alimfananisha na tabibu: akiwapa wagonjwa wote dawa moja, wengi wao atawaua. Kwa hiyo aangalie umri, hali na tabia ya kila mmoja.

Kwa watoto, aliona itikadi ihifadhiwe kwanza, na ufahamu uje hatua kwa hatua. Mtoto akifanya vyema asifiwe, kosa la mara ya kwanza lifumbiwe macho, lawama zisikithiri. Baada ya somo aachwe acheze, kwani kumzuilia mchezo huua moyo wake na kuizima akili yake.

Mwaka 1106 alirejea kufundisha Nishapur, na akafariki Tus mwaka 505 Hijria (1111 Miladia).

Ndugu zetu walimu, katika vyuo vyetu aliyehifadhi Juzuu Amma na anayehangaika na alifu huketi mkeka mmoja. Tukiwapa somo moja na fimbo moja, wa kwanza atachoka na wa pili ataikimbia dini, nasi tutakuja kuulizwa juu ya amana hiyo. Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.