Anders Haugen: Alama Zake Zilichelewa Miaka 50

Wanachuo wenzangu, matokeo yakikosewa wiki mbili tu tunajaa ofisini kwa mkuu wa idara. Sasa msikieni huyu mzee aliyekosewa nusu karne.

Anders Haugen alizaliwa mwaka 1888 huko Bø, Norwei. Akiwa na miaka kama ishirini hivi alihamia Marekani na ndugu yake, Lars. Mchezo wao ulikuwa kuruka kwa skii. Unavaa mbao ndefu miguuni, unateleza kwenye theluji mlimani kwa kasi, ukifika ukingoni unaruka hewani. Majaji wanapima umbali, halafu wanaongeza alama za mtindo.

Mwaka 1919, pale Dillon, kamji kadogo kwenye milima ya Colorado, Haugen aliruka kama mita 65. Rekodi ya dunia hiyo! Mwaka uliofuata akaivunja mwenyewe, palepale. Kilima hicho kilikuwa kazi ya mhamiaji mwenzake kutoka Norwei, Peter Prestrud.

Mwaka 1924 akawa nahodha wa Marekani kwenye Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi, Chamonix, Ufaransa. Aliruka mbali kuliko wote, lakini kwenye mtindo majaji wakambana. Akatangazwa wa nne. Shaba ikaenda kwa Thorleif Haug wa Norwei. Haugen akarudi zake, na baadaye akahamia California.

Kile kilima cha rekodi nacho kikaachwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata mji wa Dillon ulihamishwa kupisha bwawa la maji ya jiji la Denver.

Mwaka 1974 ndipo Wanorwei wenyewe walipogundua kwamba alama za Haug zilijumlishwa vibaya. Haug alikuwa ameshafariki tangu 1934. Haugen, mzee wa miaka 85, alisafiri hadi Oslo, na binti wa Haug ndiye aliyemkabidhi ile medali ya baba yake. Akawa Mmarekani wa kwanza mwenye medali ya Olimpiki katika mchezo huo. Alifariki 1984.

Mimi nasomea ualimu, na huyu binti ananifundisha kitu. Kosa la kujumlisha halikuwa lake wala la baba yake, ila alikubali lirekebishwe, tena kwa mkono wake. Basi walimu watarajiwa, tukishika kalamu nyekundu tujumlishe mara mbili. Na mwanafunzi akija kuuliza alama zake, tusimfukuze.