Lord Delamere na kondoo wa sufu

Wafanyabiashara wetu wanaofuata bidhaa Nairobi na Mombasa hupita kando ya Ziwa Elmenteita, kati ya Nakuru na Naivasha. Vichaka wanavyoviona pale vina historia yake.

Hugh Cholmondeley, maarufu kama Lord Delamere, alizaliwa Uingereza mwaka 1870. Alifika nyanda za juu za Kenya mwaka 1897 na msafara wa ngamia kutoka upande wa Somalia. Mwaka 1903 alihamia huko, na serikali ya kikoloni ikampa ekari 100,000 Njoro kwa mkataba wa miaka 99.

Alitaka sufu. Kondoo wa Kimasai ana manyoya mafupi yasiyofaa kusokotwa. Kwa hiyo alinunua madume Uingereza ili awapandishe majike wa Kimasai, na mwaka 1904 akaagiza majike 500 wa merino kutoka New Zealand. Kati ya kila watano, wanne walikufa upesi. Nyasi za Njoro zilipendeza macho, lakini zilikosa madini. Wamasai walilijua hilo, ndiyo maana hawakuchunga pale.

Waliosalia aliwahamishia Soysambu, kando ya Elmenteita. Huko mvua ni chache, nyasi ni fupi na vichaka vya leleshwa ni vingi. Mgeni angepadharau, kumbe kondoo walinawiri. Mtoto wa jike wa Kimasai na dume la merino huwa na manyoya na sufu kidogo. Akipandishwa tena na merino, kizazi hadi kizazi, sufu huongezeka mpaka inauzika. Ni kazi ya miaka mingi.

Lakini malisho ya bonde hilo yalikuwa ya Wamasai. Mkataba wa mwaka 1904 uliwaondoa, wengine wakapelekwa Laikipia, wengine kusini. Waliahidiwa kwamba huko hawataguswa tena. Mwaka 1911 mkataba mwingine ukawatoa Laikipia pamoja na mifugo yao. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1913 wakashindwa.

Mimi niliyesomea ukimbizini siwezi kuichukua habari hii kama ya ufugaji peke yake. Wazazi wetu nao waliacha malisho, na tuliporudi tulikuta wengine wamejenga juu yake. Nimejifunza kuuliza, kila ninapoambiwa kuwa mahali fulani ni pori tupu, nani alikuwa akinywesha mifugo pale.

Delamere alifariki Novemba 1931, akazikwa Soysambu, akiacha madeni makubwa. Sanamu yake iliyosimama katikati ya Nairobi iliondolewa Kenya ilipopata uhuru. Ufugaji wake haukusimama kwa fedha na madume ya kigeni tu. Wachungaji aliowategemea walikuwa Wamasai, wakilipwa mshahara kuchunga mifugo ya mwingine katika bonde walilokuwa wakichunga ya kwao.