Fundi wa Sufuria Aliyebishana na Mawazo Yake

Mwaka jana nilihubiri katika mazishi fulani, na jina la marehemu nikalikosea mara mbili. Familia ilinisamehe siku hiyo hiyo. Mimi sikujisamehe. Kwa majuma matatu, saa nane za usiku zikifika, nilikuwa naamka na kurudia yale mazishi kichwani: ningesema hivi, sasa watu wanasema vile, je, kweli niliitwa? Nilisomea biashara, kwa hivyo kupiga hesabu najua. Lakini hizi zilikuwa hesabu zisizo na jumla.

Ndipo nikasoma maisha ya John Bunyan, yule aliyeandika Safari ya Msafiri. Nilidhani alikuwa na imani ya chuma. Kumbe mawazo yalimtesa kuliko mimi!

Alizaliwa mwaka 1628 katika kijiji cha Elstow, karibu na mji wa Bedford, Uingereza. Baba yake alikuwa fundi wa kuziba sufuria, naye akafuata kazi hiyo hiyo. Alipooa, yeye na mkewe hawakuwa hata na sahani wala kijiko. Kijana huyu alipenda sana kupiga kengele za kanisa. Akaona ni anasa, akaacha, lakini bado alienda kutazama wenzake. Halafu wazo likaja: je, kengele ikianguka? Akasimama chini ya boriti. Je, ikigonga ukuta inirudie? Akasogea mlangoni. Je, mnara wote ukianguka? Akatoroka. Kila alipojikinga, hofu ilipata pengine pa kusimama.

Baadaye aliwakuta akina mama maskini wa Bedford wameketi mlangoni, kwenye jua, wakiongea habari za Mungu kwa furaha. Akatamani walicho nacho. Kupitia kwao akamfahamu mchungaji wao, John Gifford. Ungedhani shida imeisha. Wapi! Likaja wazo baya kuliko yote: amuuze Kristo. Kwa karibu mwaka mzima lilimrudia akila, akikata kuni, hata akiinama kuokota pini. Kila mara alijibu kwamba hauzi, hata kwa dunia elfu. Wakati mwingine alisukuma kwa mikono na viwiko kana kwamba anafukuza mtu. Asubuhi moja kitandani, akiwa amechoka kubishana, likapita moyoni wazo kwamba basi, Yesu aende akitaka. Akaamini ameshauza kama Esau, na kwa kama miaka miwili alijiona amepotea.

Hapa soko letu la Ishiara lilinisaidia kuelewa. Broka wa mbuzi akikutajia bei, nawe ukataja yako, biashara imeanza hata kama huna haja na mbuzi. Atakufuata hadi steji. Bunyan alikuwa akijibu bei isiyostahili jibu. Wazo kupita kichwani si uamuzi wako. Lakini kila ukilijibu, unaliambia duka liko wazi.

Alipata nafuu polepole. Kabla ya jaribu hilo la kumuuza Kristo, alikuwa amesoma maelezo ya Martin Luther juu ya Wagalatia, akakuta kuna mwingine aliyepita njia hiyo. Baadaye neno la 2 Wakorintho 12:9 likamshika. Halafu siku moja akipita shambani, akaelewa kwamba haki yake haitegemei moyo wake uko sawa au umevurugika. Haki yake ni Yesu mwenyewe, yule wa Waebrania 13:8 asiyebadilika. Aliona hisia zake ni kama sarafu ndogo za mfukoni, na dhahabu iko nyumbani sandukuni. Kwa lugha yetu, M-Pesa ikisoma sufuri usiku, haimaanishi hati ya shamba imepotea.

Je, mawazo yaliisha kabisa? La. Hata akiwa anahubiri, maneno ya kukufuru yalimjia kichwani. Aliendelea kuhubiri. Mwaka 1660 alikamatwa kwa kuhubiri nje ya kanisa la serikali, akakaa jela miaka 12. Humo alimuwaza binti yake Mary, aliyekuwa kipofu. Aliogopa atanyongwa, na magoti yatetemeke mbele ya watu. Lakini mikono yake ilitengeneza kamba za viatu ili familia ile, na kalamu yake ikaandika. Mwaka 1666 alichapisha habari za vita vyake vya mawazo. Mwaka 1678 ikatoka Safari ya Msafiri, ambamo wasafiri wawili wamefungwa katika Ngome ya Mashaka, mpaka mmoja akumbuke kwamba ufunguo uitwao Ahadi ulikuwa kifuani mwake wakati wote. Mwaka 1688 alienda kupatanisha baba na mwanawe, akanyeshewa njiani, akaugua, akafariki London tarehe 31 Agosti.

Mpendwa, wiki hii wazo likikuamsha, usilipe bei. Liache lipite, shika ahadi moja, kisha fanya kazi iliyo mbele yako. Usibaki peke yako. Hata Bunyan alihitaji Gifford na wale akina mama. Na usingizi ukikosekana wiki baada ya wiki, muone daktari pia. Huko si kukosa imani.

Juzi niliitwa kuhubiri mazishi mengine. Usiku wa kuamkia siku hiyo, saa nane, mgeni wangu akaja. Sikumjibu. Asubuhi niliandika jina la marehemu kwenye karatasi kwa herufi kubwa, nikaenda nikahubiri.