Maana Ya 'Unbwogable' Na Story Ya Jabilo Wa Ndhiwa Ambaye Hakuna Aliyemtisha

Hebu sema ukweli. 'Unbwogable' ikipigwa kwa mat unaimba mwanzo hadi mwisho, lakini ukiulizwa maana yake unaanza kukuna kichwa. Si ndio? Tulia nikupe rada.

Ngoma ilitoka 2002. Ni ya Gidi Gidi Maji Maji, na produsa alikuwa Tedd Josiah. Walichukua neno la Kijaluo, bwogo, yaani kumtisha mtu, wakalivalisha Kizungu mbele na nyuma. Maana yake ni mtu hatishiki. Wanasiasa wa NARC wakaidaka, wakazunguka nayo nchi nzima, na Desemba mwaka huohuo KANU ikang'oka baada ya kukalia kiti tangu 1963.

Sasa, ukitaka kujua mtu asiyetishika anakaa aje, toka Nai twende ocha, pande za Ndhiwa, Homa Bay, kule Kanyamwa. Sisemi ngoma iliandikwa juu yake, lakini huyu msee aliliishi hilo neno kitambo sana. Anaitwa Gor, mwana wa Ogada, mjukuu wa Ogalo. Wewe unamjua kama Gor Mahia.

Eeh, ni mtu kwanza, timu baadaye. Usione aibu, hata mimi nilipiga kelele za K'Ogalo miaka mingi bila kujua Ogalo ni nani.

Gor aliishi karne ya 19, enzi koo zilikuwa zinapigana na ng'ombe kuibwa usiku, hadi Waingereza wakafika. Alikuwa jabilo, yaani mtaalamu wa dawa za vita. Yeye ndiye alikuwa anawaandaa wapiganaji kabla hawajatoka. Hilo jina Mahia alibandikwa na watu kwa sababu ya maajabu yake.

Ukitaka kupima hofu ya siku hizo, vuka upande wa Migori ucheki Thimlich Ohinga. Ni kuta za mawe yaliyopangwa tu, bila simiti wala udongo, na zina urefu wa mita 1.5 hadi 4.5 kwenda juu. Zimesimama zaidi ya miaka 400, na 2018 UNESCO iliziweka kwa orodha ya urithi wa dunia. Thim lich ni msitu wa kutisha. Ohinga ni boma lenye ukuta. Watu walibeba mawe hayo yote ndio walale usingizi bila kuogopa adui na wanyama.

Gor ukuta wake ulikuwa kichwani. Wazee wanasimulia kwamba maadui wakija kumshika hawamkuti. Wanakuta ajuza ameketi nje ya nyumba, ama mnyama anajilia nyasi zake. Wanapita, wanaenda kumtafuta mbele. Hata wazungu, kulingana na hizo story, walichezwa hivyo hivyo.

Uamini usiamini, hiyo ni juu yako. Lakini cheki vile story yenyewe imepangwa. Jamaa anayeogopwa kuliko wote hakugeuka simba. Aligeuka shosho, mtu ambaye hakuna anayemtazama mara mbili. Hakuhitaji kuonekana mkali ndio awe mkali. Wale waliokuja na mikuki na kelele ndio walirudi mikono mitupu.

Ndio maana 1968, vilabu vya Kijaluo vilipoungana kuunda timu moja, jina lake ndilo lilichukuliwa. Na 1987 hiyo timu ilienda Tunis ikatoka 2-2 na Espérance, ikarudi Nairobi ikatoka 1-1, ikabeba Kombe la Washindi Afrika kwa mabao ya ugenini. Angalia vizuri: haikumshinda mtu mechi yoyote ya hiyo fainali, na kombe likabaki nyumbani. Hiyo si ni Gor kabisa? Mpaka leo hakuna klabu nyingine ya Kenya imewahi kuleta kombe la Afrika.

Mtaani tumefunzwa kwamba kutotishika ni kupanua kifua, kujibu kila matusi na kupigana na kila mtu. Mabeste wangapi umezika kwa sababu hiyo? Gor alipita katikati ya maadui akiwa amejikunja kama shosho, akafika kwake salama, na jina lake bado linaimbwa.

Kwa hivyo next time hiyo ngoma ikidondoka, imba kwa nguvu, lakini ujue unachoimba. Kuna siku kutotishika ni kusimama. Kuna siku ni kukaa tu nje ya nyumba, kimya, wakupite.