Sinan, Fundi Aliyeongoza Mafundi

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Wazee wetu waliyanena hayo juu ya bahari, lakini yanafaa vile vile kwa kazi ya sanaa inayoshikwa na mikono mingi. Kila fundi ana ujuzi wake na kiburi chake. Mchonga mawe hapendi kumngoja seremala, na mwandishi wa khati hapendi kuharakishwa na yeyote. Basi yafaa tumkumbuke Sinan, mjenzi mkuu wa masultani wa Uturuki, aliyewapakia watu kama hao katika chombo kimoja na akakifikisha bandarini.

Sinan alizaliwa mwishoni mwa karne ya 15 katika kijiji cha Ağırnas, karibu na mji wa Kayseri. Wazee wake walikuwa Wakristo. Kwa desturi ya dola ile, vijana wa namna yake walichukuliwa, wakasilimishwa na kufunzwa utumishi wa Sultani. Sinan alijifunza useremala, kisha akaingia jeshini. Alikuwamo katika vita vya Belgrade mwaka 1521, vya Rhodes mwaka 1522 na vya Mohács mwaka 1526.

Huko vitani ndiko alikopata chuo chake. Jeshi lilipotaka kupeleleza ng'ambo ya Ziwa Van, ni yeye aliyeunda mashua tatu za kuvukia. Mwaka 1538 jeshi lilikwama kwenye mto Prut, kwa kuwa madaraja yaliyojaribiwa yalididimia topeni. Sinan akaitwa, naye akasimamisha daraja kwa muda wa siku 13. Muda si mrefu akafanywa mjenzi mkuu wa dola, umri wake ukikaribia miaka 50.

Kazi iliyompima hasa ni msikiti wa Sultani Suleiman mjini Istanbul, ulioanzwa mwaka 1550. Haukuwa msikiti peke yake, bali palikuwa na madrasa, hospitali, hamamu na jiko la kuwalisha maskini. Daftari za hesabu za ujenzi ule zingalipo hata leo. Humo mmeandikwa mafundi zaidi ya 3,500, karibu nusu yao Waislamu na waliobaki Wakristo, kila mmoja na kazi yake na ujira wake.

Tazama, msomaji, ugumu wa jambo lenyewe. Nguzo nne kubwa zilikusanywa kutoka pande mbalimbali, moja ikitoka Alexandria na moja Baalbek. Vigae vilichomwa katika mji wa Iznik. Khati ilikuwa mkononi mwa Hasan Çelebi, bingwa wa zama zake. Kigae hakibandikwi ukuta haujasimama, wala khati haichongwi juu ya jiwe lisilolainishwa. Mmoja akichelewa, kumi hukaa bure, na ujira wao unakwenda. Sinan hakumfundisha Hasan kuandika. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba siku ya Hasan ikifika, ukuta uko tayari.

Hata hivyo fitina haikukosekana. Kazi ilipokaribia mwisho, mahasidi walimwendea Sultani wakasema kuba halitasimama, na kwamba Sinan anapoteza wakati. Sultani akaja kwa hasira akauliza itakwisha lini. Sinan akajibu kwamba itakwisha kwa miezi miwili. Waliosikia walidhani ameingiwa na wazimu, na Sultani akamtaka ayarudie maneno yake mbele ya mashahidi. Akayarudia, kisha akawarudia mafundi wake. Miezi miwili ilipotimia, jengo lilikuwa tayari.

Wengine wataiita bahati, lakini bahati haijengi kuba. Mtu asiyejua kila fundi amefika wapi hathubutu kutaja siku mbele ya mfalme. Sinan alithubutu kwa sababu alijua kilichobaki na nani wa kukimaliza. Msikiti ulipofunguliwa mwaka 1557, Sultani alimpa yeye ufunguo, akamwachia heshima ya kuufungua mlango.

Orodha za kale zinamhesabia majengo zaidi ya 300. Mtu mmoja hawezi kusimama juu ya kuta zote hizo. Aliwalea wasaidizi, akawapa kazi na madaraka yake, naye akabaki na yale makubwa. Alipokwisha kuwa mzee alijenga msikiti wa Sultani Selim mjini Edirne, uliokamilika mwaka 1575, na huo ndio aliouhesabu kuwa kilele cha ustadi wake. Mwanafunzi wake Mehmed Agha ndiye aliyekuja kujenga msikiti wa Sultani Ahmed, uliomalizika mwaka 1616.

Sinan alifariki mwaka 1588, akazikwa katika kaburi dogo kando ya msikiti wa Suleiman. Habari za maisha yake alimsimulia rafiki yake mshairi, Sai Mustafa Çelebi, naye akaziandika.

Wenye vikundi vya sanaa na wajifunze hapa. Kipawa hakikosekani kwetu, na mara nyingi kazi huharibika kwa sababu hakuna ajuaye nani anamngoja nani. Kiongozi mwema si yule anayewazidi wenziwe wote kwa ufundi, bali ni yule ambaye chini ya mkono wake kila fundi huikuta kazi yake ikimngoja, na ujira wake umekwisha hesabiwa.