Thomas Hodgkin: Daktari aliyeichunguza bandama kabla ya mashine

DAKTARI Thomas Hodgkin, ambaye jina lake limebaki katika aina moja ya saratani ya tezi za limfu, hakuwahi kuiona bandama ya mgonjwa aliye hai. Katika zama zake, siri za kiungo hicho zilijulikana tu baada ya mgonjwa kufariki dunia na mwili wake kupasuliwa.

Hodgkin alizaliwa London, Uingereza, Agosti 17, 1798, katika familia ya Wakristo wa madhehebu ya Quaker. Alihitimu udaktari Edinburgh mwaka 1823, kisha akapewa jukumu la kufundisha na kutunza makumbusho ya viungo vya maiti katika Hospitali ya Guy's, London.

Huko ndiko alikoandaa ripoti yake ya mwaka 1832 kuhusu wagonjwa 7 waliokuwa na uvimbe wa tezi na bandama. Wakati ambapo uvimbe wa namna hiyo ulihesabiwa kuwa matokeo ya maradhi mengine, yeye alishikilia kuwa huo ulikuwa ugonjwa uliozaliwa ndani ya tezi zenyewe. Ripoti hiyo haikutiliwa maanani.

Mwaka 1837 aliomba nafasi ya daktari msaidizi hospitalini hapo, akaikosa. Alikuwa ameikosoa kampuni ya Hudson's Bay kwa jinsi ilivyowatendea wenyeji wa Amerika Kaskazini, ilhali mweka hazina wa hospitali, Benjamin Harrison, alikuwa miongoni mwa viongozi wa kampuni hiyo. Hodgkin akaondoka. Mwaka huohuo alishiriki kuanzisha chama cha kutetea wenyeji wa makoloni.

Haki yake ya kitabibu ilichelewa. Ni mwaka 1865 ambapo Dk. Samuel Wilks, aliyekuwa amefikia ugunduzi huohuo, alikiri kuwa ametanguliwa, akauita ugonjwa huo kwa jina la Hodgkin. Mwaka uliofuata, mwezi Aprili, Hodgkin alifariki kwa ugonjwa wa kuhara damu mjini Jaffa, alikokuwa safarini na rafiki yake, Sir Moses Montefiore.

Leo bandama huchunguzwa bila kisu. Mgonjwa hudungwa mshipani kimiminika chenye viputo vya gesi vilivyo vidogo kama chembe nyekundu za damu, na mashine ya altrasaundi hufuatilia mwangwi wake. Bandama yenye afya hung'aa kwa dakika kadhaa, ilhali uvimbe wa saratani mara nyingi hupoteza mng'ao mapema na kubaki doa jeusi. Hata hivyo, dalili hiyo pekee haitoshi; mara nyingine daktari hulazimika kuchukua kipande cha nyama na kukipima kwa darubini.

Wagonjwa wale 7 hawakuwa na tiba. Siku hizi, wengi wanaogundulika mapema kuwa na ugonjwa wa Hodgkin hupona.